Samaki Waliozoea Ndoo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na jiko la muuza kahawa, pale barabara inapokata kona kuteremkia ziwani. Ukikaa upande wa kibanda unakula harufu ya gundi, ukikaa upande wa jiko unakula moshi, na pale katikati penye nafuu hukai hata ufanyeje, maana pana mwenyewe, Redio. Huyu zamani alikuwa dereva wa lori. Siku hizi kazi yake haijulikani, ila mdomo wake unajulikana mpaka ng'ambo. Kushoto kwake hukaa Mkemia, muuza sumu ya panya na mende, aliyepewa jina kwa ajili ya koti jeupe analovaa na maneno mazito anayoyatoa kuhusu vitu vyepesi. Muuza kahawa ni Shangazi. Ni shangazi wa kila mtu, hata wa waliomzidi umri, na hakuna anayethubutu kumwita vinginevyo kwa sababu birika liko mkononi mwake. Mwenye kibanda ni Gundi, fundi viatu, na asubuhi hiyo kibanda kilikuwa bado kimefungwa wakati wenzake wameshamaliza kikombe cha kwanza na kuanza kumsengenya.

Gundi alitokea kwa njia ya ziwani. Suruali imelowa mpaka magotini, mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna. Redio alijiweka sawa ili alitendee haki jambo hilo la fundi viatu kutembea na kiatu kimoja, akauona uso wa mwenzake, akanyamaza. Redio kunyamaza peke yake ni habari. Gundi alikuwa amekumbatia ndoo ya bati iliyofunikwa kipande cha ngozi, na maji yalikuwa yakimmwagikia kifuani.

— Umeanguka? aliuliza Shangazi.

— Sijaanguka.

— Sasa umelowa hivyo umefanya nini?

— Wamenifuata.

— Kina nani?

Gundi aliishusha ndoo taratibu mbele ya benchi, akakaa, akaifunua ngozi kidogo.

— Samaki, alisema.

Wote watatu waliinama. Ndani ya ndoo walikuwamo samaki saba au wanane wa ukubwa wa kiganja, migongo ya kijani, mikia imepakwa wekundu kwenye ncha. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni samaki gani. Mtaa mzima ulikuwa ziwani jana yake kuwatazama wakimwagwa majini.

Hao ndio samaki wa wazee. Waliitwa hivyo kwa sababu ni wazee tu waliokumbuka ladha yao. Walikuwa wa ziwa hilo tangu liwe ziwa, mpaka akaletwa yule samaki mkubwa wa kigeni, mlafi asiye na adabu, akawameza mmoja mmoja hadi nyavu zikasahau sura yao. Waliobaki wachache walikamatwa kwenye kijito wakapelekwa kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga, juu ya mtaa, wakalelewa kwenye mabwawa ya saruji. Na mleaji wao hakuwa mwingine ila mdogo wake Gundi, ambaye kila mtu humwita Dogo ingawa mvi zimeshaingia kidevuni.

Dogo alikuwa amewapa samaki hao ujana wake wote. Alikuwa akiwakamua mayai tumboni kwa vidole, akiyageuza kwenye trei kwa unyoya wa kuku, akilala bwawani siku pampu ikiharibika. Mkewe alishachoka kuona wivu. Sasa wale samaki wazazi walikuwa wamezeeka na kuacha kutaga, na mkuu wa kituo alikuwa ametamka wazi mbele ya wafanyakazi wote: mvua zikiisha nyavu zitatupwa ziwani, na zisipopata kitu, mabwawa yatakaushwa na kazi itakuwa imekwisha. Kwa hiyo watoto wao waliomwagwa ziwani jana ndio wa mwisho. Akiba hakuna. Usiku Dogo alikula kwa kaka yake, akapiga hadithi, akacheka mpaka akapaliwa. Gundi, aliyemlea tangu walipofiwa na wazazi, alimtazama kwa furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa amevurugika. Aliwasimulia wenzake kwa vipande vipande. Alishuka ziwani kuloweka ngozi kama kawaida yake. Aliingia majini hatua chache tu. Mara maji yakachemka miguuni mwake, akadhani ni nyoka, akatazama, akaona mamia ya samaki wamemzunguka, midomo juu, wanamtazama usoni.

— Usoni? aliuliza Mkemia.

— Usoni. Mimi nawaambia walikuwa wananiangalia mimi. Nikarudi nyuma, wakanifuata. Nikaacha kiatu. Nilipochota maji ya kulowekea niondoke zangu, hawa wakaingia wenyewe kwenye ndoo. Sikumkamata hata mmoja.

Shangazi alimmiminia kahawa bila kuombwa. Gundi alisema kinachomtisha si kufuatwa. Kinachomtisha ni kwamba samaki asiyekimbia mtu hana siku mbili duniani, na hao ni wa Dogo, na Dogo hana wengine.

Hapo ndipo Redio alipopata sauti yake. Alisema jambo hilo liko wazi kama mchana: wamedungwa sindano. Yeye aliwahi kubeba dawa za mifugo kwenye lori, anazijua. Ipo moja ukimdunga ng'ombe mkali anakuramba shingo.

— Sindano ya samaki unamdunga wapi? Mkemia aliuliza. Akikugeukia utamshika pembe gani? Hapana. Hii ni kemia. Miguu ya Gundi imekunywa gundi miaka yote hiyo. Akiingia majini, ziwa zima linanusa.

— Basi wangekufa, si kumfuata.

— Gundi kidogo haiui. Inalevya.

Gundi aliitazama miguu yake. Redio hakukubali kushindwa kirahisi. Aliiacha hoja ya sindano akashika nyingine, akasema shida ni malezi. Samaki wa trei hana mama. Amefungua macho amekuta mtu mwenye ndevu anamchungulia, basi kila mwenye ndevu kwake ni mzazi. Mkemia akasema kwa hesabu hiyo Gundi sasa ana watoto mamia na hajui atawapeleka shule gani. Siku nyingine benchi lingevunjika kwa kicheko. Leo hakuna aliyecheka, hata aliyetoa mzaha wenyewe.

— Au wamechanganywa, Redio alisema, ameshusha sauti.

— Na nini?

— Na mbwa.

Shangazi aliweka birika chini.

— Usinitazame hivyo, Shangazi. Siku hizi wanachanganya. Samaki anayefuata mguu, anayeinua uso, anayeingia kwenye chombo mwenyewe? Huyo ana damu ya mbwa mahali fulani.

Mkemia alisema mbwa ni upuuzi, akatoa la kwake ambalo halikuwa na afadhali. Kwa maoni yake wale samaki walikuwa wakimbizi. Wamemwagwa jana, usiku wamekutana na yule mlafi wa kigeni, wameona mambo, asubuhi wamekuja ufukweni kuomba hifadhi. Na aliyetokea wa kwanza ni Gundi, anafanana na Dogo kama waliokatwa kwenye ngozi moja. Wamedhani bwana wao amekuja kuwachukua.

Gundi alipolisikia hilo macho yalimjaa maji. Lilikuwa ndilo wazo la kijinga kuliko yote na ndilo lililomwuma.

Shangazi alikuwa amejishika kiuno. Yeye hakuwa na nadharia. Alikuwa na swali.

— Baba, kabla hawajaja, wewe ulikuwa unafanya nini hasa?

— Nimesema. Nimeingia majini.

— Na ndoo?

— Ndoo ilikuwa na gundi kavu ndani. Niliipiga kwenye jiwe itoke.

— Uliipigaje?

— Kawaida tu. Hivi.

Akainama, akaigonga ndoo kwa kifundo cha kidole. Mara mbili, akatua, akagonga tena moja. Fundi viatu ndivyo anavyogonga kila kitu, hata mlango wake mwenyewe.

Maji yakachemka ndani ya ndoo. Wale samaki waliokuwa wamelala chini walipanda wote kwa pamoja, wakapanga midomo yao juu ya maji, wakaifungua na kuifunga, wakisubiri. Mkemia aliruka akamwagia koti lake jeupe kahawa. Redio alishika ubao kwa mikono miwili.

— Gonga tena, alisema Shangazi.

Aligonga tena. Wakasogea upande ule ule wa kidole.

Sasa lazima isemwe habari ambayo kila mmoja kwenye benchi ilikuwa imemjia kwa wakati mmoja, na kila mmoja akatamani isingemjia. Zamani kidogo, vifaranga wakiwa bado wadogo kama sindano, Dogo alikuja kijiweni amejikunja. Samaki wake wanajificha chini ya bwawa, chakula kinawapita kinaoza, wanakufa kwa njaa huku wamezungukwa na msosi. Kijiwe kilikaa kikao asubuhi nzima, kahawa ikapikwa mara ya pili, na hukumu ikatoka: wagongee ndoo. Kabla ya kila mlo, gonga mara mbili, tua, gonga moja, ndipo umwage. Watazoea. Dogo akafanya hivyo, samaki wakanenepa, Shangazi akaletewa zawadi ya kanga, na benchi likapata kiburi ambacho halijawahi kupona. Maana katika maneno yote yaliyowahi kumwagwa pale, hilo peke yake ndilo lililowahi kumfaa mtu. Redio alikuwa akidai wazo ni lake, alilitoa kwenye honi ya lori. Mkemia alidai ni lake. Gundi hakudai kwa sauti, ila yule anayegonga nyundo kutwa ni nani?

— Lile wazo lilikuwa lako, Redio, alisema Mkemia.

— Langu? Wewe si ndiye ulisema umelitoa kwenye sayansi?

— Nilisema wazo la chakula. La ndoo ni lako. Mashahidi wapo.

— Mimi nilisema honi. Honi na ndoo ni kitu kimoja?

Waliendelea hivyo, kila mmoja akiisukumia kwa mwenzake heshima waliyokuwa wakinyang'anyana juzi tu. Gundi hakuwasikia. Alikuwa akihesabu kichwani ndoo za mtaa ule: wachota maji, wafuaji, waosha magari, waosha vyombo. Ufukwe wote ule ni ndoo. Kila anayegonga ndoo yake kwenye jiwe anawaita watoto wa Dogo mezani.

Alipoinua kichwa aliona Redio yuko nyuma ya kibanda, amegeukia ukuta, simu sikioni.

— Acha hayo mengine, alikuwa akimwambia mkewe. Chukua ndoo ushuke. Mbili, unatua, moja. Unagonga hivyo tu, wanakuja wenyewe. Ndiyo, wenyewe. Wewe nenda, usimwambie mtu.

Shangazi ndiye aliyemfuata Redio akampokonya simu, lakini maneno yalishafika. Redio alijitetea. Hakuwa na nia mbaya, alisema. Alitaka tu kuhakikisha kama ni kweli, na mkewe ni mtu wa siri. Mke wa Redio mtu wa siri. Hata Mkemia alifumba macho.

Hawakungoja sana. Kutoka huko chini, ng'ambo ya paa za mabati, ilisikika ndoo moja. Mbili, kimya, moja. Halafu kimya kirefu. Halafu kelele za wanawake, si za kugombana, za kushangaa. Halafu ndoo ya pili, na ya tatu, na beseni, na sufuria. Watu walianza kupita mbele ya benchi wakiteremka, wengine na ndoo mbili mbili, wakisalimia juu juu bila kusimama. Muuza mkaa alipita na karai. Wote walikuwa wakitabasamu kwa namna ya watu waliopata cha bure.

Na katikati ya watu hao, akishuka kutoka juu mikono mitupu, akatokea Dogo.

Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi. Gundi hakukumbuka mara ya mwisho kumwona mdogo wake bila magwanda ya bwawani. Aliwaamkia wote, shikamoo kwa Shangazi, shikamoo kwa kaka yake, akakaa kwenye ncha ya benchi upande wa moshi, akaomba kahawa. Alisema amelala kama mfu. Alisema amejikataza kushuka ziwani, kwa sababu samaki wakishamwagwa wanatakiwa waachwe wapate utulivu, wazoee, wamsahau aliyewalea. Roho inamwuma lakini amejizuia. Amepitia kijiweni ili asije akashawishika.

Gundi alisukuma ndoo kwa kisigino mpaka chini ya benchi.

— Huko chini leo kuna nini? Dogo aliuliza, bado anatabasamu. Mbona mji mzima unagonga ndoo?

Shangazi alimwaga kahawa nje ya kikombe. Dogo alimtazama, akamtazama kaka yake, akaiona suruali iliyolowa na mguu usio na kiatu. Kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Mbili, kimya, moja. Tabasamu lilibaki usoni lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

— Hiyo ni ya kwangu, alisema. Hiyo ni saa ya chakula.

Gundi alimweleza. Hakumficha kitu: jiwe, ndoo, simu ya Redio. Alipofika mwisho aliivuta ile ndoo akamwonyesha, na wale samaki, ndoo ilipokwaruza ardhi, walipanda juu na midomo wazi. Dogo aliingiza kidole majini. Mmoja akakinyonya. Dogo alitoa sauti ambayo Gundi hakuwahi kuisikia kwake, hata msibani.

— Twende tuwafukuze watu, alisema Redio. Nitapiga kelele mimi. Nitasema wana sumu.

— Leo watakusikia, alijibu Gundi. Kesho watapata kiu, watapata nguo za kufua, watarudi na ndoo zao. Watu hawafukuziki, Redio. Wa kufukuzwa ni samaki. Inabidi ndoo waiogope.

Mkemia alikubali, na safari hii hakutafuta neno kubwa. Alisema kwa panya anajua: ukimtisha tu, atarudi. Lakini wakimwona mwenzao amegaragara mahali, hapo hawakanyagi tena. Kwa hiyo ni kuwaita kwa mlio ule ule, wakikusanyika, fimbo. Si kupiga maji. Kuwapiga wao wenyewe. Wachache tu waumie, waliobaki watatawanyika wasirudi. Na wa kuwaita wakaja wote, hata walioko mbali, ni Dogo peke yake. Mkono wanaoujua ni wake.

Hakuna aliyebisha. Lilikuwa wazo la pili la maana kutoka benchi lile, na kila mmoja aliomba lisiwe lake. Gundi aliingia kibandani akatoka na fimbo ndefu anayoshushia viatu vilivyotundikwa juu. Akampa mdogo wake mkononi, akamshika bega, akamwambia twende, mimi niko nyuma yako, haraka kabla hawajaisha.

Dogo alisimama. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na ndoo mkono wa pili, na hakupiga hatua.

— Watakuja, Kaka, alisema. Nikigonga mimi watakuja wote, na wale wadogo ndio hutangulia, maana nilikuwa nawapa kwanza. Nianze na yupi?

Gundi alimtazama Mkemia. Mkemia alikuwa anafuta doa la kahawa kwenye koti lake. Redio alikaa pale pake katikati, mdomo wazi. Shangazi alifunika mkaa kwa majivu, na huko chini waliendelea kugonga.